Watu wa Mchana

Kikombe cha meza ya Bwana kilionekana siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, ndani ya jiko bovu la umeme, nyuma ya trei mbili za kuokea zilizoota kutu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amesimama mlangoni na mkokoteni wake, akimhimiza mama mwenye nyumba amalize kutoa vitu vyake humo maana jua lilikuwa limeanza kuchoma. Mama Kipimo alipiga magoti, akaingiza mkono mpaka begani, vidole vikagusa kitambaa. Alijua ni nini kabla hajakivuta. Akafunga mlango wa jiko, akasimama, akamwambia yule mtu ameghairi, jiko haliuzwi.

"Mama, jiko lenyewe halina hata waya."

"Nimesema haliuzwi."

Mnunuzi alimtazama, akalitazama jiko, akageuza mkokoteni huku akinung'unika kwamba kuna watu wazima hawana kazi ila kuwapotezea wenzao muda. Mama Kipimo alisubiri mpaka magurudumu yasisikike tena. Ndipo akafungua, akakitoa kikombe, akakiweka juu ya meza ya jikoni kati ya nyanya na kisu. Kilikuwa kizima. Hata mkunjo wa kitambaa ulikuwa ule ule alioukunja yeye mwenyewe miezi minne nyuma.

Ukweli ni kwamba hakukiiba, na wala hakumsingizia mtu kwa makusudi. Alisahau, basi. Yeye ndiye mtunza vyombo vya meza kanisani, mwaka wa kumi na moja sasa, na hajawahi kuvunja hata kisahani. Kwa kazi ni fundi cherehani, na utepe wa kupimia hauachi shingoni hata Jumapili, ndiyo maana jina lake la ubatizo watu wengi hawalijui. Watu wa mchana walipoanza kuabudu katika jengo lao ndipo alipoanza tabia ya kukibeba kikombe nyumbani kila baada ya ibada ya asubuhi na kukirudisha kabatini Jumatatu. Mchungaji wa wakati huo alipomuuliza, alimjibu kwamba anakwenda kukisugua.

Watu wa mchana walikuwa wageni waliovuka mpaka wakati wa vita vya kwao. Wanaume walifyatua matofali, wanawake walifua na kusafisha nyumba za watu, na saa nane mchana kila Jumapili, jengo likiwa limeachwa na wenyewe, waliingia wakaimba kwa lugha yao mpaka jua lipinde. Walikuwa Wakristo wa dhehebu lile lile, wenye kitabu kile kile. Lakini Mama Kipimo hakupenda kufikiria midomo yao kwenye kikombe. Hakuwahi kulisema hilo kwa mtu, hata kwa mumewe. Jumapili moja alikuwa anawahi wageni, wakwe za dada yake, akakitia kikombe ndani ya jiko bovu ambako hata mumewe hafungui, akaingia sebuleni kupakua chakula. Ilipofika Jumapili ya meza, kikombe hakipo kabatini, na yeye akaapa kwa moyo mweupe kabisa kwamba alishakirudisha humo. Alipoulizwa nani mwingine mwenye ufunguo wa kanisa, akamtaja Mama Pacha, mwanamke wa watu wa mchana aliyekuwa akisafisha kanisa na shule ya chekechea iliyo ubavuni mwake. Kuapa huko hakukuwa uongo. Uongo ulianza Jumatano hii, alipokifunga tena kitambaani na kukirudisha ndani ya jiko.

*

Mumewe alikuja kula mchana kama kawaida. Alikuwa fundi saa mwenye kibanda mbele ya posta, mtu wa maneno machache, mzee wa kanisa anayeheshimiwa kwa sababu hachelewi. Mama Kipimo alimwacha amalize kula kwanza. Kisha akafungua jiko, akamwekea kikombe mbele ya sahani.

Mzee hakuuliza kilikuwa wapi. Aliuliza, "Nani mwingine amekiona?"

"Mimi tu."

Akashusha pumzi. Baada ya hapo ndipo alipotaka kujua ilikuwaje, na mkewe akamweleza yote isipokuwa lile la midomo. Mzee akafuta mikono, akafikiri, akasema jambo hili halina haja ya makelele. Ofisini kwa mchungaji kuna rafu ya vitabu vya zamani vya nyimbo ambavyo hakuna anayevigusa. Kiwekwe nyuma ya vile. Siku moja mtu atapanga vitabu, kikombe kitaonekana chenyewe, watu watamshukuru Mungu, yaishe.

"Na Mama Pacha?"

"Kikionekana si atakuwa amesafishika?"

"Watasema amekirudisha."

Hilo mzee hakuwa amelifikiria. Yeye ndiye aliyekwenda kuuchukua ufunguo kwa Mama Pacha siku ile, akiwa na wazee wawili nyuma yake na watoto wa chekechea wakichungulia madirishani. Mama Pacha alikuwa na ndoo mkononi. Hakubisha. Alifungua fundo la kanga, akatoa ufunguo, akaufuta kwanza maji, akampa. Tangu hapo watu wa mchana walikuwa wakisubiri nje kila Jumapili mpaka mtu wa kuwafungulia atakapojisikia kuja, na mara nyingi walikuwa wameshalowa au wameshaungua na jua. Mama Pacha mwenyewe alisimamishwa kazi chekechea mpaka jambo lieleweke, na likawa halieleweki.

"Tusubiri kwanza Jumapili hii ipite," alisema mzee hatimaye. "Mchungaji amehangaika nayo sana. Tukianza kupasua majipu sasa tutamharibia."

Hapo alikuwa na hoja ya kushikia. Mchungaji wao mpya, kijana aliyekuja na miwani na mawazo, alikuwa ameshawishi baraza kwamba kwa Jumapili nne asubuhi na mchana waabudu pamoja, kila upande ujifunze kwa mwenzake. Kanisa la Mungu limetapakaa dunia nzima, alisema, na kipande chake kimoja kinasubiri juani mlangoni kwetu huku sisi tunakwenda nyumbani kula. Baadhi ya wazee waliguna, lakini walikubali. Mama Kipimo naye akakubali maneno ya mumewe, akaona mzigo umepungua, na papo hapo akajichukia kwa kuona hivyo.

*

Jumapili hiyo mabenchi hayakutosha. Watu wa asubuhi walikaa mbele kwa mazoea, watu wa mchana wakajipanga nyuma na ukutani, wamevaa nguo zilizopigwa pasi mpaka zinang'aa. Mahubiri yalikwenda, nyimbo zikapokezana, na hata wazee walioguna walionekana wakipiga makofi pasipo kujua. Kisha meza ikafunuliwa. Mahali pa kikombe palikuwa na bilauri kutoka jikoni kwa mchungaji, ile ile waliyokuwa wakiitumia kwa miezi minne. Mama Kipimo aliipanga yeye mwenyewe na kuifunika kitambaa cheupe, kwa vile ndiyo kazi yake.

Mchungaji wa watu wa mchana alisimama. Siku za kazi alikuwa mfyatua matofali na viganja vyake vilipasuka kama ardhi ya kiangazi. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole. Alisema kwao meza huandaliwa kila Jumapili, na kabla ya mkate mtu hutazama moyo wake. Kama kuna mtu moyoni, anamwendea. Akaketi. Hakueleza zaidi, maana hakujua kwamba kuna la kueleza.

Watu wa asubuhi walitazamana. Halafu kwa kuona haya kidogo wakaanza kuinuka na kuwaendea wale wale ambao hawana neno nao. Kiongozi wa kwaya alimkumbatia mkewe, wakacheka. Watu wawili wanaouza katika duka moja wakapeana mikono kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Lakini huku nyuma mambo yalikuwa mengine. Mwanamume mmoja alikuwa amemshika mwenziwe mabega, wote wawili wanatokwa machozi na hakuna anayewatazama. Bibi kizee alimwendea binti mdogo, akainama.

Mama Pacha alitokea ukutani. Pacha mmoja alikuwa mgongoni, mwingine amempa jirani. Alipita katikati ya kanisa, na kadiri alivyosogea mbele ndivyo minong'ono ilivyozimika, mpaka alipofika benchi la pili watu wote walikuwa wamegeuka. Mama Kipimo alijiona anashika utepe wake shingoni kwa mikono miwili. Mama Pacha alipiga magoti, akaitoa mikono ile kwenye utepe, akaishika.

"Mama," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hata mtu wa benchi la nyuma asingeisikia. "Nimekuchukia miezi minne. Nikisikia cherehani yako nahama upande wa barabara. Nimemwomba Mungu akuaibishe mbele ya watu kama nilivyoaibika mimi. Ninaomba unisamehe."

Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusema ukweli. Lilihitajika neno moja tu, na mtu wa kuambiwa alikuwa amepiga magoti mbele yake. Mama Kipimo alifungua mdomo. Aliona nyuso za watu, akamwona mumewe amesimama kando ya meza na sahani ya mkate, uso umemkauka, akitikisa kichwa kidogo sana.

"Nimekusamehe," alisema Mama Kipimo. Na akalisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

Mtu mmoja nyuma yake akasema Bwana asifiwe. Mwingine akadakia. Makofi yakaanza upande wa asubuhi, yakaenea, na mama mmoja wa kwaya akafuta machozi. Watu wa mchana hawakupiga makofi. Waliduwaa, wasielewe wenzao wanashangilia nini. Mama Pacha aliinuka, akashukuru, akarudi ukutani kwake akiwa na uso mwepesi. Sahani ilipopita Mama Kipimo alichukua mkate, akautafuna, akaumeza kwa mate.

*

Kwa watu wa asubuhi, anayeomba msamaha amekiri. Hawakuwa na namna nyingine ya kulielewa jambo lile. Jumatatu wateja waliokuja kuchukua nguo hawakuwa na habari nyingine. Afadhali amejisema, walisema. Mteja mmoja mwenye kitenge cha zambarau alitia chumvi, akasimulia jinsi mwizi alivyolia mpaka akagaragara, naye alikuwa amekaa benchi la saba. Wote walimsifu Mama Kipimo kwa moyo wake. Mmoja alisema angekuwa yeye angemwuliza kwanza amekiuza wapi. Mama Kipimo aliendelea kukanyaga cherehani, na alipotazama alikuta ameshona mkono wa gauni nje ndani.

Jumanne binti yake alirudi kutoka kazini na begi la madaftari, akajitupa kwenye kiti. Alikuwa mwalimu wa chekechea ile ile, na kwa miezi minne alikuwa akibishana na baba yake mezani juu ya Mama Pacha. Alikuwa akisema mtu anayerudisha hata kifungo cha mtoto alichookota hawezi kuiba kikombe cha kanisa. Mara mbili baba yake alimnyamazisha.

"Wameajiri msafishaji mwingine," alisema. "Mkuu wa shule anasema sasa mambo yako wazi."

Mama Kipimo aliuliza kama Mama Pacha ameambiwa. Binti akasema amekuja leo asubuhi mwenyewe, anacheka, akidhani baada ya Jumapili atarudishwa kazini. Ikabidi yeye ndiye amwambie, kwa kuwa mkuu wa shule alijifungia ofisini.

"Akaniuliza kwa nini. Mimi nikamwambia, dada, si umekiri mwenyewe? Akanitazama tu." Binti alivua viatu, kimoja kimoja. "Mama, niliwasumbua sana na maneno yangu. Kumbe nilikuwa mjinga. Nisamehe."

Mama Kipimo alisema hakuna neno. Ilikuwa mara ya pili katika siku tatu kuombwa msamaha na mtu ambaye yeye ndiye aliyemkosea. Alikwenda jikoni akafungua bomba, akaacha maji yatiririke ili kwikwi zisisikike sebuleni.

Alhamisi mzee alirudi na barua. Baraza lilikuwa limekaa. Wazee walioguna sasa walikuwa na la kusema, na mchungaji kijana hakuwa na la kuwajibu. Jumapili tatu zilizobaki zitakwisha kwa heshima, kisha watu wa mchana watafute pengine pa kuabudu. Barua ilikuwa fupi na ya adabu, na chini yake sahihi ya kwanza ilikuwa ya fundi saa. Aliiweka mezani ili mkewe asiisikie kwa watu.

"Baba, umetia sahihi?" aliuliza mkewe.

"Ningesema nini? Wangeniuliza kwa nini nakataa."

Walikaa wote wawili wakiitazama ile barua. Miaka ishirini na sita ya ndoa na hakuna hata mmoja aliyemwonea mwenziwe haya namna hiyo. Mzee aliondoka kwenda kulala bila kula, na kikombe kikabaki ndani ya jiko.

*

Ijumaa Mama Pacha alikuja kwenye kibanda cha cherehani. Hakuhama upande wa barabara. Alikuja moja kwa moja, mtoto mmoja mgongoni na mmoja mkononi, akasimama mbele ya cherehani. Mama Kipimo alikuwa akipachika pindo, na pini sita zilikuwa katikati ya midomo yake. Aliziacha huko. Mtu mwenye pini mdomoni hadaiwi maneno.

Mama Pacha aliamkia, akaomba radhi kwa kumkatizia kazi. Kisha akasema watu wake wamesomewa barua. Wazee wa kwao walimwita wakamuuliza kama kweli amekiri wizi mbele ya kanisa la watu. Amewaambia hapana. Wamemwamini, lakini wengine wameanza kusema kwamba hata kama ni hapana, yeye ndiye aliyewafukuzisha, angebaki tu ukutani kwake. Mume wake hakuvuka naye mpaka. Watu wale ndio ndugu zake wote.

"Mimi sijui wenu wamesikia nini," alisema. "Nilisema pole pole. Wewe peke yako ndiye uliyesikia. Mama, uwaambie tu niliyosema. Sikuombi kingine."

Mama Kipimo alizitoa pini, moja moja, akizichoma kwenye kimto kidogo cha kuhifadhia sindano. Alipomaliza ya sita alikuwa hana tena pa kujifichia. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Pacha wa mkononi alikuwa amenyoosha mkono kushika utepe.

"Nitazungumza na wazee," alisema.

Na Mama Pacha akamshukuru. Alimshukuru kwa moyo wote, akainama, akasema alijua, maana mtu aliyekubali kusamehe haraka vile ana moyo mzuri. Akaenda zake. Mama Kipimo alimsindikiza kwa macho mpaka kona, akafunga kibanda saa tano asubuhi, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona tangu alipofiwa na mama yake.

Jumamosi alimwambia mumewe kwamba kesho atasema. Mzee alikuwa na saa ya mtu mkononi, ameifungua mgongo. Aliiweka chini. Alimsihi. Alimkumbusha binti, ambaye mchumba wake ni mtoto wa mzee mwenzake. Alimkumbusha miaka kumi na moja ya vyombo vya meza. Alisema angalau aseme kimeonekana jana.

"Nikisema jana nitakuwa nimemdanganya tena."

"Utanivua nguo mbele ya watu."

"Tulimvua yeye," alisema Mama Kipimo. "Akiwa na ndoo mkononi."

Mzee aliichukua tena ile saa akaendelea, lakini skrubu ilimdondoka mara tatu, na mara ya tatu hakuitafuta.

*

Jumapili ya pili aliwahi kanisani, kikombe kikiwa ndani ya mfuko wake wa vitambaa. Hakukipanga mezani. Alikaa nacho mapajani tangu wimbo wa kwanza, na asingeweza kusema siku hiyo kilihubiriwa nini. Kanisa lilikuwa na nafasi. Watu wa mchana walikuja nusu, na wa asubuhi waliacha viti kati yao. Mama Pacha alikuwa mahali pake pale pale ukutani.

Mchungaji mfyatua matofali aliposema maneno yake yale yale, hakuna aliyenyanyuka. Mama Kipimo alisimama. Alipita katikati ya kanisa kuelekea nyuma, safari ambayo hakuwahi kuifanya wakati wa ibada, na hakujua kwamba mabenchi ya huko yana misumari iliyochomoza inayokamata nguo. Alipofika alipiga magoti kwenye sementi, akakitoa kikombe, akakishika mbele yake. Mtu mmoja akasema Ee Mungu, halafu hakusikika mwingine.

"Kilikuwa nyumbani kwangu," alisema, na safari hii alitaka kila mtu asikie. "Nilikificha mimi. Nilikuwa nakificha kila Jumapili ili ninyi msikinywee. Nikasahau nilikokiweka, nikakutaja wewe. Jumapili iliyopita hukukiri wizi. Uliniomba nikusamehe kwa kunichukia. Hicho ndicho ulichosema, na ulikuwa na haki ya kunichukia. Ninaomba unisamehe."

Mama Pacha alikuwa akikitazama kikombe.

"Ulikipata lini?"

"Jumatano."

"Hii ya juzi?"

"Hapana. Ile ya kabla yake. Kabla hujaja kwangu."

"Nilipokuja kupiga magoti, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Mama Pacha alifumba macho. Mtoto mgongoni alijinyoosha, mama akamtikisa kidogo pasipo kufumbua macho, mtoto akatulia. Watu wa asubuhi walisubiri, na wengine viganja vyao vilikuwa tayari kwa makofi.

"Bado," alisema Mama Pacha.

Mnong'ono ulipita kwenye mabenchi ya mbele. Sauti ya mwanamke ilisikika ikisema amsamehe tu, jamani, si ameomba. Mchungaji kijana alikuwa ameinuka nusu, hajui aende au akae. Ndipo mwenzake, mfyatua matofali, alipojua kwamba kulikuwa na la kueleza. Alisema kwao mtu anayeombwa anaruhusiwa kusema bado. Halazimishwi na hanung'unikiwi. Lakini haachwi peke yake na neno hilo. Wawili hao hukaa pamoja, mkate huwapita wote wawili, na kanisa huwaombea mpaka siku watakapokula.

Mama Pacha alisogea kwenye benchi, akaacha nafasi. Mama Kipimo aliketi. Kikombe alikuwa bado nacho, na mchungaji kijana alipokuja kukichukua alikiweka mezani kitupu, akamimina kwenye bilauri. Sahani ikaanza kupita. Aliyeibeba ni fundi saa. Alihudumia benchi la kwanza, la pili, la tatu, bila kumtazama mtu usoni. Binti yake alipokea mkate, akaushika, hakuula. Alipofika benchi la nyuma kabisa mzee alisimama mbele ya mkewe na Mama Pacha, akawanyooshea sahani. Mama Pacha alitikisa kichwa. Mama Kipimo akatikisa chake.

Mzee hakuondoka. Alisimama pale mpaka ikawa aibu kwa watu kumtazama. Kisha akampa sahani kijana wa watu wa mchana aliyekuwa karibu, akasema kwa sauti iliyokwaruza kwamba sahihi ya kwanza kwenye barua ni yake, na aliitia akijua. Akaketi upande wa pili wa mkewe. Sahani ikaendelea bila wao.

Baada ya ibada watu walitoka kimya, wengine wakiwapita bila salamu. Binti alisimama mlangoni muda mrefu, akawatazama wazazi wake, akamfuata mkuu wa shule nje. Wazee walikuwa wakiitana ofisini. Mama Kipimo hakusogea. Aliona si kazi yake kuinuka kwanza. Alikuwa amewahi kudhani kwamba akishasema atalia, au atahisi wepesi, lakini alichokuwa nacho ni miguu iliyokufa ganzi na haya iliyokaa pale pale, ila sasa ilikuwa mahali inapostahili kuwa.

Mama Pacha alimtoa mtoto mgongoni, akamfunga upya, akavuta fundo mpaka likakaza. Alisimama. Hakumpa mkono.

"Uniulize tena Jumapili ijayo," alisema. "Sijui nitakujibu nini. Lakini uniulize."